Silensa Isiguswe

Mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa ukitetemeka kwenye mia sita na hamsini, na Mama Ramani, aliyekaa kiti cha nyuma, aliukodolea macho kama mtu anayemwangalia mtoto akipanda ngazi. Mbele yake, kwenye usukani, kaka yake alikaa wima. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani, kama ulivyolala kwa miezi saba. Wa kushoto ulishika kirungu kidogo kilichofungwa kwenye usukani ili mtu wa mkono mmoja aweze kuuzungusha. Kiti cha pembeni kilikuwa bado kitupu. Mkaguzi wa madereva alikuwa analizunguka gari taratibu, anagonga gurudumu hili kwa ncha ya kiatu, anainama kutazama lile, na shati lake lililopigwa pasi halikuwa na hata tone la jasho. Mama Ramani alikuwa amelowa mgongo mzima.

Hakuwa na mtoto anayeitwa Ramani. Hakuwa na mtoto kabisa. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake kwa sababu ya kazi yake: alikuwa akiingia kwenye kompyuta ya gari na kuchora upya ramani ya injini, yaani lile jedwali refu la namba linaloiambia injini imwage mafuta kiasi gani na ipige cheche saa ngapi. Walianza kumwita hivyo kwa dhihaka, mwanamke na laptopu yake kati ya wanaume na spana zao. Siku magari yao yalipowashinda wakamletea, na dhihaka ikaisha, jina likabaki.

Lakini leo hakuja kama fundi. Leo alikuwa mdomo wa kaka yake. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia kaka mtu upande wa kulia wa mwili na karibu maneno yake yote, na kituo kile kiliruhusu dereva asiyeweza kusema vizuri aje na ndugu wa kukaa nyuma na kumjibia anapoulizwa jina na anwani. Kujibu tu. Ndugu akithubutu kumwelekeza dereva hata kwa kikohozi, mtihani umekufa.

Maneno yaliyobaki yalikuwa kumi na mawili. Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa ameyaorodhesha kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa friji: ndiyo, hapana, maji, leo, basi, mwisho, mdogo, mzee, na mengine manne. Mtu ambaye zamani angeweza kusimulia safari moja ya lori kutoka asubuhi mpaka chai ya saa kumi, na bado hajafika nusu ya njia, sasa alikuwa anaomba chumvi kwa kidole.

Masharti yalikuwa magumu. Mtu aliyepata kiharusi alipaswa kupimwa upya kwenye gari lilelile atakaloliendesha, ndani ya siku tisini tangu daktari amwandikie barua. Siku ya tisini ilikuwa leo. Ikipita, ataanza upya tangu kwa daktari, na kaka mtu alikuwa ameshatumia maneno yake matatu kueleza msimamo wake. "Leo. Basi. Mwisho." Hataanza tena.

Na gari lenyewe sasa. Lilikuwa jekundu lililopauka, na chini ya boneti lilikuwa na supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, kazi yake kuishindilia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe. Kwenye barabara iliyonyooka gari la namna hiyo ni raha tupu. Kwenye foleni ni balaa. Ukiligusa linaruka, ukiliachia linajikwaa, na ukilisimamisha linakoroma kama linataka kukata roho. Kaka mtu alilijenga mwenyewe kwa miaka, kwa ajili ya mashindano ya mbio fupi, kwa giaboksi isiyotaka klachi, na hakuwahi kufikiria kwamba siku moja atataka litembee polepole.

Ndugu walisema atafutiwe kigari kidogo cha upole. Alisema hapana, akageukia ukutani, na hakula mpaka kesho yake. Wakasema ni ukaidi. Mama Ramani hakusema hivyo. Alikuwa ameona jinsi kila mtu, kwa mapenzi kabisa, alivyomwamulia kaka yake avae shati gani, alale saa ngapi, nani aingie kumwona na nani arudi kwao. Gari ndilo lilikuwa kitu pekee alichobaki na kauli juu yake. Kila alasiri alijikokota mpaka kibandani, akakaa kwenye usukani bila kuliwasha, akatoka jua likipungua. Wifi mtu alimvuta Mama Ramani kando ya mlango wa jikoni akamwambia jambo moja tu.

"Wifi, mimi magari siyajui. Nirudishie mtu wangu."

Basi Mama Ramani akawa na wiki tatu kabla ya mtihani, na adui yake wa kwanza akawa mguu wa kushoto. Mguu wa kulia haukuwa na kazi tena, kwa hiyo alichomelea pedali ya mafuta upande wa kushoto wa breki. Tatizo ni kwamba mguu wa kushoto wa kaka mtu ulikuwa mguu wa klachi. Kwa miaka ishirini ya malori ulijifunza kazi moja tu, kukanyaga mpaka chini. Siku ya kwanza walipojaribu nyuma ya gereji, ulikanyaga mpaka chini. Gari likapita katikati ya ua wa mabati bila kuuliza, na jirani akaapa kwamba kuku wake hawakutaga wiki nzima.

Akaanza kulifundisha gari adabu. Alichora pedali upya, nusu yake ya kwanza ifungue robo tu ya hewa, ili mguu wa klachi ukikosea ukose mahali pa kuharibu. Kisha akaigeukia supachaja. Ina mlango wa pembeni; ukiwa wazi, hewa inazunguka tu na pampu haisukumi kitu. Mlango ule ulikuwa unajifunga mapema mno, ndiyo maana nguvu zilikuja kwa kishindo hata kwa mguso mdogo. Alibadilisha springi yake na kipira chake, ukawa unajifunga polepole. Akachelewesha cheche kidogo kwenye mwendo wa chini, nguvu zikawa zinapiga hodi kabla ya kuingia. Mwisho wa wiki ya tatu aliweka beseni la maji kwenye kiti cha mbele akazunguka mtaa mzima. Lilimwagika kikombe kimoja.

Kitu kimoja hakukigusa.

Wiki ya kwanza kabisa, jioni ya siku aliyolala chini ya gari akilalamika kwa sauti kwamba bomba la moshi limeoza na atalitafutia jingine, kaka yake aliomba kalamu kwa ishara. Kwa mkono wa kushoto, kwenye kipande cha boksi la chujio la mafuta, aliandika mistari minne kwa herufi zinazoanguka. Rangi isiguswe. Kiti kisiguswe. Redio isiguswe. Silensa isiguswe. Huo wa mwisho aliupigia mistari miwili, mpaka boksi likachanika.

Kwa mtu aliyekulia gereji ya baba yao, silensa ni mwendo wa injini gari likiwa limesimama na hakuna aliyekanyaga mafuta. Ikiwa juu, gari linapiga kelele bure. Ikiwa chini, linakoroma. Hili lilikuwa linakoroma kwenye mia sita na hamsini, chini mno kwa gari la mjini, lakini wapenda mbio ndivyo wanavyotaka, wasikie ule mngurumo wa kukatika katika. Mama Ramani akaelewa kwamba kaka anataka kubaki na mngurumo wake. Akasema sawa. Kaka amesema, na wewe mdogo utafanya nini? Mara moja tu, asubuhi moja ya baridi, aliona mshale ukizama mpaka mia tano alipokuwa anasimama, ukasita, ukapanda tena. Aliuona kwa macho yake. Aliuandika kwenye daftari, akalifunga daftari, akajipa moyo.

Sasa hakukuwa na baridi. Walikuwa wamesimama foleni zaidi ya saa nzima juani, injini inaunguruma, na joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye boneti mpaka uwanja wa mbele ukawa unacheza machoni.

Mkaguzi aliingia, akafunga mkanda, akaweka ubao wake wa karatasi gotini. Aliuliza jina, Mama Ramani akajibu. Aliuliza anwani, akajibu. Aliuliza kama gari lina kitu chochote alichopaswa kukijua.

"Lina supachaja, mzee."

Mkaguzi alinyanyua kalamu. Akamtazama mtu wa mkono mmoja, akatazama boneti, akavuta mkanda wake kuhakikisha umeshika. Kisha akasema twende.

Walipita kati ya koni na hakuna hata moja iliyotikisika. Mguu wa klachi ulikaa juu ya pedali kwa unyenyekevu ambao Mama Ramani hakuwahi kuuona, na gari likatambaa. Akaanza kupumua. Kisha wakafika kwenye kilima cha zege, ambapo dereva anatakiwa kusimama katikati ya mwinuko, asubiri, halafu aondoke bila kurudi nyuma. Nyuma yao kulikuwa na mwanafunzi mwingine kwenye kigari cheupe, amesogea karibu kuliko inavyofaa.

"Simama hapo," mkaguzi akasema.

Gari lilisimama. Mshale ukashuka: mia sita na hamsini, mia sita. Feni ya rejeta ikajiwasha na kudai fungu lake la umeme. Mia tano. Mama Ramani alibana meno. Kwenye mia tano ulirudi siku ile. Rudi, alisema moyoni, rudi basi. Mia nne. Gari likatikisika mara moja, na injini ikazima.

Taa nyekundu zikawaka zote kwa pamoja na gari likaanza kurudi nyuma. Kaka mtu alikanyaga breki. Injini ikiwa imezima, breki hukupa mara moja au mbili kisha inakuwa gogo, na ikawa gogo. Usukani ukawa mzito. Kigari cheupe kilianza kupiga honi mfululizo. Mama Ramani alifungua kinywa, akakumbuka, akakiziba kwa viganja vyote viwili. Mbele yake mkono wa kushoto ukaachia kirungu, ukashuka, ukakamata handibreki na kuivuta kwa nguvu ya bega zima. Gari likasimama. Kati ya bampa yao na taa za kigari cheupe, alivyokuja kuona baadaye, palikuwa na nafasi ya kupitisha mguu.

Mkaguzi akaandika kitu kirefu. Akageuka nyuma.

"Nani ametengeneza hii gari?"

"Mimi, mzee."

"Dereva hajakosea. Breki kapiga, handibreki kavuta, hajababaika. Gari ndiyo iliyokosea." Akafungua mlango. "Nampima huyu wa nyuma, nusu saa. Nikirudi tunaanza upya. Ikizima tena nafunga faili, na faili nikishalifunga huwa silifungui."

Wakalisukuma gari mpaka kwenye kivuli cha ukuta, yeye na madereva wawili wa foleni waliowahurumia. Mama Ramani alifungua laptopu juu ya boneti, akachomeka waya wake chini ya dashibodi, na jedwali likatokea. Alijua hasa ugonjwa. Hewa iliyochemka ndani ya supachaja ni nyepesi, injini haishibi, na ile silensa ya chini haikuwa na akiba yoyote ya kupambana na feni. Ilikuwa kazi ya kubonyeza vitufe vichache. Kidole kilikuwa tayari kimefika juu ya kitufe.

Akakiondoa. Kaka yake alikuwa anamtazama kupitia kioo cha mbele. Angeweza kubonyeza tu, na kaka angesikia tofauti baada ya gari kuwaka, na angekuwa amechelewa kukataa. Ndivyo walivyokuwa wanamfanyia wote nyumbani. Akaenda mpaka dirishani.

"Kaka, naomba niguse silensa."

"Hapana."

Alimweleza. Alimweleza habari ya joto, ya feni, ya mshale, tena polepole na kwa adabu. Kaka alitikisa kichwa tangu mwanzo wa maelezo mpaka mwisho.

"Kaka, itazima tena."

"Hapana. Silensa. Hapana." Machozi yalikuwa yanamlenga, na upande wa mdomo uliobaki mzima ulikuwa unacheza kutafuta neno la kumi na tatu ambalo halikuwepo.

Ndipo Mama Ramani akapandwa na hasira. Wiki tatu za mgongo kuuma, za grisi mpaka nyusi, zilimpanda kichwani kwa pamoja, na akasema ambayo hakukusudia kuyasema. Kwamba anang'ang'ania mngurumo kama mtoto anavyong'ang'ania kibuyu kilichotoboka. Kwamba mke wake anasubiri mtu, hasubiri kelele. "Basi kaa na mngurumo wako kibandani," alisema, na kabla sentensi haijaisha alitamani kuimeza.

Kaka yake alifungua mlango, akatoa mguu mmoja, akauvuta wa pili kwa mkono, akashika fimbo yake. Akaanza kutembea kuelekea nyuma, upande wa lango. Hatua ya kwanza, ya pili. Mama Ramani alisimama palepale. Amekwenda, aliwaza. Nimemfukuza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kwenye kona ya gari kaka mtu alikata kulia. Akazunguka mpaka nyuma ya bampa, akainua fimbo, akagonga chini yake mara mbili. Bati likalia.

"Silensa," alisema. Akagonga tena. "Mzee."

Mama Ramani alikwenda, akapiga magoti kwenye vumbi, akachungulia. Chini ya bampa, mwisho wa bomba la moshi, palikuwa na lile boksi la kupunguza kelele, limekunjwa kwa bati la tangi kuukuu la maji, na mshono wake wa kuchomelea ulikuwa umepinda, unapanda na kushuka kama mwandiko wa mtu anayeandika gizani. Baba yao ndiye aliyelichomelea, mwaka ambao macho yalikuwa yanamfifia. Hakuchomelea kitu kingine tena baada ya hapo. Yeye binti yake alikuwa amelala chini ya boksi hilo, akaliangaza kwa tochi, na akasema limeoza.

Picha yote ikamjia kwa mpigo mmoja. Yeye hakuwahi kutoka gereji ya mzee. Silensa kwake ilikuwa ile ya mzee, mwendo wa injini. Kaka aliondoka akiwa na miaka kumi na minane akaenda kwenye malori, kati ya madereva wa kutoka kila pembe, na kwa watu hao silensa ni hilo boksi la nyuma. Ndugu wa tumbo moja, wiki tatu nzima walikuwa wanatumia neno moja kwa vitu viwili. Kaka alikuwa anailinda kazi ya baba. Na yeye, kwa heshima zake zote, alikuwa ameliacha gari lizime kilimani.

Aliweka kiganja juu ya boksi. Lilikuwa la moto, likamuunguza, akakiacha hapohapo kidogo.

"Hili haliguswi. Naapa, kaka. Hili halitaguswa na mtu nikiwa hai." Akanyanyuka, akakimbilia mbele, akapiga boneti. "Mimi nasema hii. Pumzi ya injini gari ikiwa imesimama. Sisi gereji ndiyo tunaiita silensa. Hata mzee alikuwa anaiita hivyo, umesahau?"

Kaka mtu alimkazia macho. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama Ramani aliruka kumshika akidhani ni kiharusi kingine. Alipofika aliona ni kicheko. Kilikuwa kinatoka nusu mdomo, hakina sauti, lakini ni kicheko, cha kwanza tangu hospitali.

"Gusa," akasema.

Neno hilo halikuwa kwenye mlango wa friji.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nne. Alipandisha silensa mpaka mia tisa. Alitengeneza njia ya hewa iwe inachelewa kujifunga pindi mguu unapotoka kwenye pedali, ili injini ishuke kwa ngazi badala ya kuanguka. Aliweka akiba ya cheche kwa ajili ya feni. Dakika saba. Akamwomba kaka awashe, na gari likawaka na sauti nyingine kabisa, nyororo, sauti ya gari la mtu anayekwenda sokoni. Alimwomba awashe taa zote na azungushe usukani mpaka mwisho. Mshale uliyumba, ukashika mia nane na ishirini, ukarudi. Lakini kila namba ina kodi yake. Giaboksi hiyo haina klachi, kwa hiyo injini ikipumua kwa nguvu zaidi, gari linasukuma zaidi likiwa limesimama.

"Itakuwa inataka kwenda yenyewe," alimwambia kaka, mdomo karibu na sikio. "Ukisimama, usiiamini. Bana breki kweli."

"Ndiyo, mdogo."

Mkaguzi alirudi. Alisikiliza injini huku ameinamisha kichwa, kisha akanyoosha kidole kwenye laptopu iliyokuwa mikononi mwa Mama Ramani.

"Hiyo ibaki chini."

Mama Ramani akaiacha kwa wale madereva wa foleni. Aliingia nyuma mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi, akaikalia.

Koni zilipita. Kilima kikaja. Safari hii nyuma yao hakuna aliyesogea. Gari lilipanda nusu ya mwinuko, mkaguzi akasema simama, na mguu wa klachi ukahamia kwenye breki. Mia tisa. Gari lilikuwa linasukuma, alilihisi kwenye kiti, mguu nao ukalibana kama unavyojua kubana, mpaka chini. Feni ikawaka. Mshale ukazama. Mia nane na hamsini. Mia nane. Mia saba na themanini, na Mama Ramani akafumba macho. Alihesabu pumzi tatu. Alipofumbua ulikuwa kwenye mia tisa, umetulia.

"Nenda," mkaguzi akasema, na wakaenda.

Alidhani kibaya kimepita. Mkaguzi aliwatoa nje ya lango, barabarani, na hapo wakaingia nyuma ya lori la saruji lililokuwa linatambaa juani hatua tatu kwa dakika. Kwenda, kusimama. Kwenda, kusimama. Hakuna mtihani mbaya zaidi kwa gari la supachaja, na wala haukuwa kwenye fomu. Joto lilipanda mpaka likanuka. Kila waliposimama, mshale ulizama na kurudi, ukazama na kurudi, na kila uliporudi Mama Ramani alijiona amezeeka mwaka. Kisha pikipiki ikachomoka pembeni ya lori, ikakata mbele ya bampa yao.

Aliuona mguu wa kushoto ukinyanyuka. Pedali mbili zilikuwa chini yake, zimetengana kwa upana wa kiganja, na upande wa kushoto, palipo na mafuta sasa, ndipo klachi ilipokaa miaka ishirini. Mguu ukielekea huko ukakanyaga mpaka chini, wataingia chini ya lori. Mguu ukasita hewani. Kisha ukakata kulia, ukashuka kwenye breki, na gari likasimama bila hata kutikisa kalamu ya mkaguzi. Mwenye pikipiki alikwenda zake bila kugeuka. Hakujua.

Kituoni mkaguzi alimwambia dereva azime. Akaandika muda mrefu, akarudi juu ya karatasi, akaandika tena. Mama Ramani aliweza kusikia saa ya mkaguzi. Hatimaye akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia, akaugonga kwenye barua ya daktari, akaugonga kwenye fomu, na kumkabidhi kaka mtu karatasi upande wa mkono wake mzima.

"Umefaulu, mzee. Endesha salama." Alishuka, akaegemea dirisha kidogo kama mtu aliyesahau jambo. "Nilivyosikia supachaja, nilijua leo presha itanipanda. Kumbe gari yenyewe ya kawaida tu."

Akaondoka kuelekea kwenye kigari kilichofuata.

Furaha ya Mama Ramani ikakatika hapohapo. Ya kawaida. Kaka yake alitoa miaka ya maisha yake ili gari lile lisiwe la kawaida, na watu walikuwa wanaacha shughuli zao kuja kulisikiliza linavyowaka. Yeye ndiye aliyelivua hayo yote kwa vitufe. Alishuka akasimama ubavuni mwa gari, akitafuta namna ya kuomba radhi, akisema kwamba ramani ya zamani ameihifadhi, kwamba inaweza kurudishwa saa yoyote kaka akitaka.

Kaka mtu alishuka kwa zamu zake: mguu, mguu, fimbo. Karatasi aliibana kwa meno ili mkono uwe huru. Alitembea kwenda mbele, polepole, akafika kwenye boneti, akaweka kiganja cha kushoto juu yake ingawa lilikuwa linachoma. Akaitoa karatasi mdomoni, akamtazama mdogo wake.

"Silensa," alisema, na akalitafuta lile lingine mpaka akalipata. "Nzuri."

Mkono wake ulikuwa juu ya boneti.